Mshiriki wa Saba

Kwanza nilifumua nywele.
Kofia yao haipatani na rasta, walisema kwa simu,
waya thelathini na mbili zote zataka ngozi,
nami nilikuwa nimesukwa Jumamosi, shilingi mia nane,
mistari myembamba, ya kuvutwa hadi machozi.

Tukaketi nyuma ya meza ya Khavere, sokoni Luanda,
yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia,
treni ya mizigo ikipita, omena zikirukaruka kwenye trei.
Dada yangu hukalia mkebe wa rangi tangu alfajiri.
Kila akiinuka kupima gorogoro, husema: mgongo.
Kila akirudi chini, husema: mgongo,
kama mtu anayemwita mtoto aliyekwisha kuhama.

Vidole vyangu vilikuwa kazini.
Nyuzi tatu: huu juu, huu chini, huu uachie.
Huu juu, huu chini,
na mahali fulani karibu na kisogo
nikaona kamba inayolegea ukiinama na kukaza ukiinuka,
miguu mitatu, kiti kisichombishia mwenye kukikalia.
Sikumwambia kitu. Nikaendelea kufumua.

Kesho yake, Maseno.
Daktari Amukowa ni mtu mpole, viatu vyake vyang'aa.
Jeli ilikuwa baridi kama uji uliolala.
"Buni kiti," akasema. "Dakika kumi.
Usitafune, usipepese macho ovyo, usisogeze mkono."

Nibuni bila mkono?
Mpishi naye aambiwe aonje kwa sikio.

Nilikaa. Mashine ikachora milima yangu,
vilima vya Maragoli vilivyopangwa mstari kwa mstari,
na fomu ikauliza: Ulilala saa ngapi? Nne.
Ulikunywa nini? Chai ya rangi, maziwa yaliisha.
Je, kelele hukusumbua? Hapana,
karakana yangu imepakana na kinu cha mahindi
na siku kikinyamaza, kalamu nayo hunyamaza.
Kodi ya nyumba haikuulizwa.
Nilitafuta kisanduku chake hata nyuma ya karatasi.

Kichwani, chini ya waya, nikawa nanong'ona:

*Wazo halina miadi, halibishi mlangoni,
huja nikiwa baridi, nikisugua sahani,
likiitwa lakaidi, likifukuzwa, li ndani;
pima, Daktari, zidi, pima: wazo li sokoni.*

Dakika ya saba, akaruka kitini.
"Hapa!" Kidole chake kwenye skrini, sauti ya mvuvi aliyeshtukiwa na sangara.
"Mawimbi ya kisogoni yamepanda ghafla.
Ulikuwa unawaza nini hapa?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa na hamu sana.
"Nilikuwa nawaza," nikasema,
"nitasukwa tena kwa pesa gani."

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena,
polepole, kama mtu anayeanza kuamini.
Akanipa nauli katika bahasha, na nakala ya fomu:
*Mshiriki wa Saba*, na tarehe.
Mlangoni akaniuliza kama kiti kilikuja.
Nikamwambia kilikuja juzi.
Akatazama mashine yake nzuri
jinsi unavyomtazama mgeni aliyefika matanga yamekwisha.

Mkaratusi niliununua Mbale, kamba nikaisokota mwenyewe.
Nilikosea mguu mmoja, mfupi kwa unene wa kidole,
kwa hiyo kiti chainamia upande wa wateja.
Khavere asema ni vizuri, sasa wadeni wanadhani anawasogelea.
Hajasema mgongo tangu Jumatatu,
au amesema, treni ikapita.

Lakini ile nakala ameikunja mara nne
na kuisokomeza chini ya mguu mfupi,
na bado chainama kidogo.
Nywele zangu hazijasukwa.
Nalala nimejifunga kitambaa,
na usiku vidole huamka kabla yangu,
huu juu, huu chini,
vikitafuta kichwa cha mtu.